Kasoro ya Kuzaliwa au ya Malezi: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Ubovu wa Gari Unaorudi

Mteja anayeingia gereji kwa mara ya nne akiwa na ubovu uleule huwa ameshamlaumu kila aliyewahi kuligusa gari lake: fundi aliyefungua injini, muuza spea, mdogo wake aliyeliazima kwenda harusini Pangani, na pengine hata jirani mwenye kijicho. Anayesahaulika karibu kila mara ni yule aliyelichora gari lenyewe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wenye magari na mafundi wa Tanga wanaotaka kuacha kupiga ramli, yaani kubadilisha spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na kuanza na dalili, kisha kuuliza kama chanzo chake ni kasoro ambayo gari limezaliwa nayo kiwandani, ni malezi mabaya, au ni joto na chumvi ya pwani yetu. Vielelezo vingi vimetoka katika magari yaliyoanguka vibaya au kuharibu jina lake huko ng'ambo. Magari hayo yanafaa kufundishia kwa kuwa magonjwa yake yalichunguzwa hadharani, na mengi ya magonjwa hayo yangali yakishushwa bandarini ndani ya magari mengine.

Kabla ya kushika spana

Yapo maswali matatu ya kuulizwa kwanza. La kwanza ni iwapo ubovu umerudi baada ya kazi iliyofanywa vizuri kwa spea ya kuaminika. La pili ni iwapo unatokea katika hali ileile kila unapotokea, kwa mfano mlimani tu, au asubuhi tu, au gari likiwa limepakia. La tatu ni iwapo magari mengine yenye injini au giaboksi hiyohiyo yanaugua vivyo hivyo ijapokuwa yametunzwa na watu tofauti. Ndiyo tatu zinaelekeza kwenye mchoro. Ndiyo ya kwanza peke yake inaelekeza zaidi kwenye spea bandia au kwenye mkono wa fundi, na naomba mafundi wenzangu wasinune, kwa sababu mkono huo umewahi kuwa wangu.

Izingatiwe kwamba swali la tatu linahusu namba ya injini, na jina lililobandikwa nyuma ya gari halitoshi kulijibu. Magari mawili yenye sura na bei tofauti kabisa huweza kuwa na injini moja na hivyo ugonjwa mmoja, na magari mawili yenye jina moja yaliyopishana miaka miwili huweza kuwa na injini ambazo hazina undugu wowote.

Gari linachemsha

Hakuna kipimo cha mfumo wa kupoza katika mkoa huu kinachoishinda barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto. Gari linaloteleza bila malalamiko kutoka Kange hadi Segera huweza kuanza kutoa mvuke kabla ya kufika Soni, na hapo ndipo siri yake inapofichuka. Mahali na wakati gari linapochemsha ni nusu ya jibu. Likichemsha kwenye foleni au likiwa limesimama, kisha likapoa linaposhika mwendo, mtuhumiwa wa kwanza ni feni: ama mota yake imekufa, ama swichi ya joto inayoiamuru haifanyi kazi. Likiwa salama mjini lakini likachemsha mlimani au kwenye mwendo mkubwa, basi rejeta imeziba ndani, au mapezi yake yamejaa vumbi na wadudu, au pampu ya maji haisukumi ya kutosha. Likipungukiwa maji bila kuchemsha, tafuta uvujaji chini ya pampu, kwenye mipira, na kwenye zulia la abiria wa mbele, kwa kuwa rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari, ambayo hapa Tanga hakuna anayeikumbuka, ikitoboka hulowesha mahali hapo.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Mfuniko wenye uwezo wa baa 1.1 huzuia maji yasichemke mpaka yafikie nyuzi 120 hivi, ilhali katika rejeta isiyobanwa huko Lushoto, mji ulioinuka karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yangechemka kwenye nyuzi 95 tu. Kwa hiyo mpira wa mfuniko uliochanika huweza kuigiza ugonjwa wa injini nzima, na nimeona hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, ikifunguliwa kwa ajili ya kitu ambacho bei yake haizidi sahani ya pilau.

Baada ya hayo kuondolewa mashaka ndipo tufike kwenye gasketi ya hedi, ile bamba nyembamba inayoziba kati ya hedi na bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Kipimo changu hufanywa alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha. Naubana kwa vidole mpira mkubwa wa juu wa rejeta kabla injini haijawashwa. Mpira wa injini isiyo na ubovu hubonyea kwa ulaini. Ukiukuta umekaza ilhali injini ni ya baridi, kuna hewa iliyobaki humo tangu jana, na hewa hiyo imetoka ndani ya silinda. Kisha nafungua mfuniko, namwomba mwenye gari awashe, na natazama maji. Mapovu madogo yanayopanda mfululizo mithili ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, na yanayozidi kila mafuta yanapokanyagwa, yanatosha kunishawishi. Ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili huongeza ushahidi, ingawa gari la safari fupifupi, la kwenda sokoni na kurudi nyumbani Raskazone, huweza kuwa na ute kidogo kwa sababu ya unyevu tu.

Gasketi ikishathibitika kuungua, linafuata swali ambalo wengi huliruka: kwa nini iliungua? Katika gari lenye mchoro mzuri, jibu huwa ni kwamba liliendeshwa bila maji. Katika gari lenye kasoro ya kuzaliwa, gasketi huwa ndiyo inayouawa, na muuaji yuko pengine.

Land Rover Freelander ya kwanza, iliyotoka mwaka 1997, ni mfano mzuri kwa sababu lilikuwa gari lililopendwa na kuuzwa sana. Injini yake ya petroli ya lita 1.8 ilikuwa ya ukoo wa K, ambao Rover iliuzindua mwaka 1989. Ilikuwa injini nyepesi na ya kisasa kwa wakati wake: hedi na bloku za alumini zilibanwa pamoja kwa bolti ndefu zilizopenya kutoka juu hadi chini, kama vijiti vya mishikaki. Hata hivyo, maji yaliyozunguka ndani yake yalikuwa machache, thamostati, yaani valvu inayofunguka kwa joto ili kupitisha maji ya rejeta, iliwekwa upande wa maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta, na vipini vya kuishikilia hedi mahali pake katika injini nyingi za awali vilikuwa vya plastiki. Thamostati ilipofunguka, fungu la maji baridi liliingia kwa ghafla katika injini ya moto, hedi ikacheza juu ya gasketi yake, na upungufu mdogo tu wa maji, kama ule unaosababishwa na uvujaji wa gasketi ya manifoldi, ulitosha kuanzisha balaa. Baadaye zilipatikana gasketi za chuma za matabaka, vipini vya chuma, na thamostati ya aina nyingine. Fundi anayefunga gasketi ya namna ileile ya zamani na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa anamwandikia mteja tarehe ya kurudi.

Triumph Stag ya Uingereza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1977, inafundisha jambo la pili. Injini yake ya V8 ya lita 3.0 ilikuwa na bloku ya chuma cha kalibu na hedi za alumini, na pampu yake ya maji iliwekwa juu kwenye bonde la ile V. Maji yalipopungua hata kwa kiasi kidogo, pampu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukauka, na ikiwa inazunguka katika hewa haikusukuma chochote, hivyo sindano ya joto ikamdanganya dereva mpaka mambo yalipokuwa yameharibika. Zaidi ya hayo, alumini na chuma zikikutanishwa na maji matupu huliana, na kutu inayotokana na ulaji huo huenda kuziba rejeta. Yalitengenezwa magari 25,877 tu, na mengi ya yale yaliyobaki barabarani yalibadilishiwa injini na wenyewe.

Hapa inafaa nieleze jambo lililonitokea. Kijana mmoja wa Makorora aliniletea gari, ambalo sitalitaja jina, lililokuwa limechemsha njiani kwenda Lushoto kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja.

«Shikamoo, ami. Hii ni gasketi ya tatu.»

«Marahaba, mwanangu. Na thamostati ni ya ngapi?»

«Haimo. Fundi wa mwanzo aliitoa, akasema huku pwani haina kazi.»

Nilifungua mpira wa chini wa rejeta, na yaliyotoka yalikuwa mazito na mekundu kama uji wa ulezi. Alikuwa akijaza maji ya kisima cha nyumbani, ambayo yana chumvi kiasi kwamba mama yake hayapikii chai. Imani ya kwamba thamostati ni pambo katika nchi za joto imeenea mno, na ina madhara ambayo hayaonekani haraka. Katika injini nyingi, thamostati ikifunguka huwa inaziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, sehemu ya maji haipoi kamwe, na gari lililotolewa thamostati ili lipoe huishia kuchemsha mlimani. Gari lile halikuwa na kosa lolote la mchoro. Lilisafishwa njia zake, likawekwa thamostati mpya na maji yaliyochanganywa na kulanti, yaani dawa ya kupozea na kuzuia kutu, na gasketi ya nne haijahitajika.

Desturi ya kuiunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote ni ndugu ya hiyo. Haiui injini, lakini inaficha swichi iliyokufa na kuichosha mota ya feni kabla ya wakati.

Injini inakula oili

Moshi wa buluu una ratiba yake, na anayeijua ratiba hiyo hahitaji kufungua injini ili kukisia. Ukitoka kwa muda mfupi gari linapowashwa asubuhi, kisha ukakatika, sili za valvu zimekauka na oili imechuruzika usiku. Ukitoka dereva anapokanyaga mafuta baada ya kuteremka kwa muda mrefu kwa gia, kama inavyotokea kwa anayetoka Amani kushuka Muheza, sili na gaidi za valvu ndizo zinazoshukiwa. Ukitoka kila injini inapobeba mzigo, ringi au silinda zimelika. Hali ya nne ndiyo inayowachanganya watu: hakuna moshi wa kuonekana, hakuna tone sakafuni, lakini kijiti cha kupimia kinashuka kila wiki.

Hali hiyo ya nne mara nyingi ni ya kuzaliwa nayo, na wapenzi wa Toyota wavumilie, kwa sababu mfano ulio karibu nasi ni wao. Injini ya 1ZZ-FE ya miaka ya mwanzo, iliyomo katika magari mengi ya lita 1.8 yanayotembea hapa mjini, ilikuwa na pistoni zenye matundu machache na madogo ya kurudishia oili. Masizi yakiyaziba, ringi ya oili hubaki imeganda na oili hupanda kuungua polepole. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, ambayo wengi wanaifahamu kutokana na Alphard na Vanguard, ilipatwa na ugonjwa wa jamaa hiyo katika matoleo ya kati ya mwaka 2006 na 2009 hivi, kiasi kwamba huko Marekani kampuni ilikubali kurekebisha injini zilizopimwa na kukutwa zinakula zaidi ya lita moja hivi kwa kila kilomita 1,900. Haya si magari yaliyoanguka sokoni, na ndiyo sababu nayataja: kasoro ya mchoro haibagui jina zuri.

Chevrolet Vega ndiyo iliyoanguka. Ilitoka mwaka 1970 ikiwa na bloku ya alumini yenye silikoni nyingi, iliyotakiwa kuhimili pistoni bila kuvalishwa silinda za chuma, na juu yake ikawekwa hedi ya chuma cha kalibu. Rejeta yake ilikuwa ndogo. Injini ilipopata joto kupita kiasi bloku ilipinda, silinda zikachunika, sili za valvu zikakauka, na oili ikaenda njia zote mbili kwa pamoja. Kampuni iliendelea kuifanyia marekebisho hadi mwaka 1977 gari lilipoachwa, baada ya kutengenezwa magari karibu milioni 2.

Kabla ya kuamua lolote, pima. Jaza oili hadi alama ya juu, gari likiwa mahali tambarare, kisha tembea kilomita 1,000, ambazo ni kama kwenda Dar es Salaam na kurudi mara moja na nusu, ukaangalie tena. Nusu lita au pungufu yake kwa gari lenye umri ni jambo la kuishi nalo. Lita nzima inahitaji uamuzi. Ushauri unaosikika sana wa kuweka oili nzito zaidi hupunguza ulaji kwa muda, lakini injini zenye mfumo wa kubadili majira ya valvu hutegemea oili nyepesi kuuendesha mfumo huo, kwa hiyo unaloliokoa upande mmoja unalilipa upande wa pili.

Injini inapiga misi au inazima

Anza na plagi na koili, kwa kuwa ndizo zinazoharibika zaidi na ni rahisi kuzipima bila kununua chochote. Hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke silinda nyingine. Misi ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, hamisha plagi. Ikibaki palepale, chunguza nozeli na mgandamizo wa silinda hiyo.

Injini ikimisi hasa ikiwa imetulia bila kukanyagwa, ikawa nzito kuwaka na ikatoa moshi mweusi, ilhali plagi na koili ni mpya, soma kibandiko cha injini. Mitsubishi ilitoa GDI mwaka 1996, na Toyota ikatoa D-4 mwishoni mwa mwaka huohuo. Mifumo yote miwili humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na katika GDI mgandamizo ni wa baa 50 hivi, ilhali mfumo wa kawaida wa wakati ule ulitumia baa 3 hivi. Ubunifu wenyewe ulikuwa mkubwa na leo umeenea dunia nzima. Tatizo ni kwamba petroli isiyopita mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa haizioshi, hivyo masizi hujengeka juu yake mpaka hewa inapita kwa shida, na pampu ya mgandamizo mkubwa, inayolainishwa na petroli yenyewe, haivumilii uchafu wala maji. Katika nchi ambako gari hujaziwa mafuta kutoka kwenye chupa za kando ya barabara, mchoro huo uliingia vitani bila silaha. Tiba ni kuyatoa manifoldi na kuyasugua masizi, kubadilisha filta ya mafuta mapema, na kupima mgandamizo wa pampu kabla ya kuilaani. Madalali wa mjini hulitamka neno D4 kwa kunong'ona, lakini nimeona magari ya namna hiyo yanayotembea vizuri kwa sababu mwenyewe ana kituo kimoja tu anachojazia mafuta.

Injini iliyozima ghafla ikiwa mwendoni, na ambayo ukiipiga stata inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, isipigwe stata tena. Huenda taimingi belti imekatika. Yugo, gari dogo la Yugoslavia lililoingia Marekani mwaka 1985 kwa bei ya dola 3,990, lilipata sehemu ya sifa yake mbaya kwa jambo hilo: belti yake ilitakiwa kubadilishwa kila maili 40,000, wanunuzi wa gari rahisi hawakuona sababu ya kutumia fedha kwa kitu ambacho hakijaharibika, na ilipokatika valvu ziligongana na pistoni. Kasoro hapo ilikuwa ya pande mbili, ya mchoro usiosamehe na ya mwenye gari asiyesoma. Gari la mtumba lisilo na kumbukumbu ya belti lihesabiwe kuwa belti yake imeisha.

Gia zinasita, zinatetemeka au zinapotea

Swali la kwanza kwa giaboksi yoyote ya otomatiki ni oili gani imo ndani yake. Giaboksi ya CVT haina gia za meno za kubadilishana. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda huo ukamate bila kuteleza. Ikimwagiwa oili ya otomatiki ya kawaida huanza kuvuma, kisha kusita, kisha kukata tamaa. Hayo ni malezi. Hata hivyo, Nissan ilirefusha dhamana ya CVT nchini Marekani kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010 ikafikia miaka 10 au maili 120,000, na kampuni hairefushi dhamana ya kitu kisicho na tatizo.

Giaboksi za klachi mbili kavu zina dalili yake: gari hutetemeka likiondoka na kwenye gia ya kwanza na ya pili, hasa katika foleni na joto, na siku moja gia za namba shufwa au witiri hupotea zote kwa pamoja. Giaboksi ya gia 7 ya Volkswagen ya aina hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2008, ilisababisha magari zaidi ya 380,000 kuitwa gereji nchini China mwaka 2013. Klachi kavu haina oili ya kuipoza, na dereva anayelishikilia gari kwa mafuta kwenye kilima bila kukanyaga breki anaiunguza. Ukiwa na gari la namna hii, likamate kwa breki, na usiliruhusu litambae.

Edsel ya Ford, iliyozinduliwa mwaka 1957, ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna oili ingeutibu. Katika mwaka wake wa kwanza vitufe vya kuchagulia gia viliwekwa katikati ya usukani, mahali ambapo mikono ya madereva ilizoea kutafuta honi.

Gari linarusha mkia

Pima upepo wa matairi kabla ya kugusa bushi na shokapu. Nasisitiza hili kwa sababu ya Chevrolet Corvair, lililotoka kwa mwaka wa 1960 na injini nyuma. Ekseli zake za nyuma zilibembea kutoka kwenye difu, kiasi kwamba kwenye kona kali gurudumu la nje liliweza kujikunja kuingia chini ya gari na kulibinua. Dawa ya kiwanda ilikuwa upepo wa paundi 15 mbele na 26 nyuma. Usalama wa gari zima ukawekwa mikononi mwa mjaza upepo, ambaye popote duniani huweka kipimo kimoja kwa matairi yote manne. Mchoro wa nyuma ulibadilishwa kabisa katika toleo la 1965, lakini jina lilikuwa limeshachafuka. Gari lako si Corvair, ila basi dogo lililopakia magunia ya machungwa ya Muheza juu ya paa lina tabia za jamaa yake, na kibandiko cha upepo kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva hakikuwekwa kwa urembo.

Betri inakufa, na kutu

Betri iliyolala ipimwe kwanza: volti 12.6 ni salama. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa taa kubwa, feni na kiyoyozi kwa pamoja. Zikishuka chini ya 13, altaneta, yaani mashine inayoichaji betri, haitoshi au waya za kurudisha umeme kwenye bodi (waya za ardhi) zimeliwa na chumvi. Hapa Tanga nimezikuta waya hizo zimegeuka unga wa kijani katika magari yanayolala karibu na bahari. DeLorean ya mwaka 1981, iliyojengwa Ireland ya Kaskazini kwa idadi ya magari 9,000 hivi, ilikuwa na upungufu huo kiwandani: altaneta ya magari ya awali haikuweza kubeba vifaa vyote vikiwaka kwa pamoja. Gari hilo lilivikwa chuma kisichoshika kutu, huku fremu yake ya chini, ya chuma cha kawaida kilichopakwa rangi nzito, ikishika kutu mahali rangi ilipopasuka.

Hilo ndilo kosa la wanunuzi wengi wa pwani: hutazama juu. Kutu ya mazingira hushambulia kila mahali palipo wazi, chini ya fenda, kwenye kingo, na kwenye bolti. Kutu ya mchoro huanza mahali pamoja katika kila gari la aina hiyo, kwa sababu hapo maji hukaa au rangi haikufika. Fenda za mbele za Vega zilitoboka mapema kwa kuwa, gari lilipozamishwa katika dawa ya kuzuia kutu kiwandani, hewa ilinaswa juu ya fenda na dawa haikuifikia bati. Lancia Beta, iliyotoka mwaka 1972, ililiwa kwenye fremu inayobeba injini, na mwaka 1980 kampuni ilijikuta ikiyanunua tena magari hayo kutoka kwa wateja wa Uingereza. Jina la Lancia halikupona katika nchi hiyo.

Kwa ukaguzi, chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa, uipitishe taratibu kwenye kingo za chini za milango na matao ya magurudumu. Pale inapolegea ghafla kuna gundi ya bodi iliyojazwa mahali pa bati. Nyanyua zulia la dereva na la buti ulipo mfuko wa tairi la akiba, ukaguse kwa kiganja kama kuna unyevu. Kisha lala chini ya gari na utafute matundu madogo ya kutolea maji kwenye vizingiti vya milango. Yazibue kwa waya mwembamba. Maji yakitoka masafi, vizuri. Yakitoka mekundu kwa dakika nzima pamoja na vipande vya bati vyembamba kama magamba ya samaki, bodi hiyo inahitaji mchomeleaji kabla ya masika, na gharama yake iondolewe kwenye bei kabla hujalipa.